Nimekanyaga msumari saiti, nesi kaniuliza swali moja nikakosa jibu. Hivi wanaume tunachanjwa lini?

Fundi Kibuyu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niende kwenye mada. Juzi Jumanne nilikuwa saiti, Dodoma huku, tunavua mbao za zege kwenye lenta. Nimevaa ndala (najua, mtanisema baadaye). Kuna ubao ulilala chini, msumari wa inchi tatu umetazama juu. Nikaukanyaga wote. Ukatoboa ndala, ukaingia unyayoni chini ya kidole gumba, nikabaki nimesimama na ubao mguuni kama nimevaa kiatu.

Vijana wakauchomoa. Mmoja kaleta mafuta ya taa, mwingine anasema nikigongegonge kidonda na nyundo damu chafu itoke. Nikapaka mafuta ya taa, nikaendelea na kazi mpaka jioni. Usiku mguu unapwita kama una moyo wake. Asubuhi mke akanitoa nyumbani kwa maneno makali, nikaenda zahanati.

Nesi wa pale, mama wa makamo, akaanza kusafisha. Bila hata kuniangalia usoni akauliza, "Sindano ya mwisho ya pepopunda ulichoma lini?" Nikasema utotoni. "Kadi iko wapi?" Wakuu, nina miaka 41. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa kwenye sanduku la mama kule Kondoa, na ile nyumba ililala chini kwenye mvua za El Nino. Nikakumbuka lakini kwamba ushahidi ninao mwilini. Nikapandisha mkono wa shati, nikamwonesha kovu bega la kulia.

Akacheka mpaka akaweka pamba chini. "Baba, hilo ni la kifua kikuu. Halijuani na msumari."

Miaka yote hii najua lile kovu ndiyo chanjo zote!

Kanichoma moja, kaniambia nirudi baada ya wiki nne nichome nyingine. Sasa naombeni kueleweshwa. Mtu mzima anatakiwa kuchanjwa nini na nini? Mbona sijawahi kusikia mwanaume anaambiwa akachanje? Na hiyo ya wiki nne ni lazima, au ndiyo wanajitafutia wateja?

Nawasilisha.

Kijiti

Nimekaa pale nawasubiri wajuzi. Pole sana mkuu. Ila ndala saiti?

Mama Wawili

Hahaha, kovu la bega! Mume wangu naye alikuwa na imani hiyo hiyo.

Sisi wanawake hatuna shida na swali la nesi. Mimba ya kwanza tu unachomwa, unaambiwa tarehe ya kurudi, ukisahau unasemwa mbele za watu. Kadi yangu iko kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Baba watoto hana karatasi hata moja ya afya yake, lakini risiti za gari tangu alinunue anazo zote.

Sista Zamu

Fundi, pole. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na sita huu, na nusu yake nimeumalizia wodi ya wanaume. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza tuache kuisingizia kutu. Msumari mpya unaong'aa kutoka dukani nao unaweza kukupa pepopunda. Vijidudu vyake makao yao ni udongo na kinyesi cha mifugo, vinajifunika ganda gumu na kukaa ardhini miaka na miaka vikisubiri. Vinapenda pasipo hewa. Sasa fikiria tundu la msumari: juu limejifunga, chini kuna kina. Humo vinaamka na kutoa sumu inayopanda kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mafuta ya taa hayafiki huko, yanaunguza nyama ya juu tu. Na kugonga kidonda na nyundo ni kujiumiza mara mbili. Maji mengi yanayotiririka na sabuni, halafu kituo cha afya.

Dalili huja baada ya siku tatu mpaka wiki tatu, wengi ni kama siku ya nane au ya kumi. Wakati huo kidonda kimeshafunga na mwenyewe amekisahau. Anaanza kulalamika taya zinabana, anadhani ni jino. Nimeshapokea mgonjwa aliyetumwa kwetu baada ya kung'olewa jino zima.

Kuna kijana nilimuuguza sitamsahau. Alikatwa na jembe. Tulimweka chumba cha pembeni, mapazia yamefungwa, taa imezimwa, tunaingia kwa kunyata, kwa sababu mwanga na kelele ndivyo vinavyoamsha ule mkazo. Siku moja trei ilinidondoka pale mlangoni. Mgongo wake ukajikunja kama upinde, kisogo na visigino tu ndivyo vimegusa godoro, katikati paka angepita. Na akili yake ilikuwa timamu. Ananiangalia tu. Watu hudhani mgonjwa wa pepopunda kapoteza fahamu. Hapana, anajua kila kinachompata.

Yule alipona, na siku ya kuruhusiwa tulimchoma chanjo. Ndugu zake wakashangaa, "si ameshaugua?" Kuugua pepopunda hakukuachii kinga yoyote, ndiyo maana.

Sasa swali lako la wiki nne. Utotoni, kama ulipelekwa, ulipata dozi tatu katika miezi ya mwanzo ya maisha. Hiyo kinga hushuka kadiri miaka inavyokwenda. Mtu mzima asiye na kumbukumbu tunamhesabu kama anaanza upya. Dozi moja peke yake haina kinga ya kuitegemea. Ya pili, baada ya wiki nne, inakupa kama miaka mitatu. Ya tatu, miezi sita baadaye, inakusogeza mpaka miaka mitano. Mwaka mmoja baada ya hapo ya nne, miaka kumi. Mwaka mwingine ya tano, na hapo umemaliza. Mpangilio huo uliwekwa kwa ajili ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ndio wengi wetu tunautumia kwa mtu yeyote mzima asiye na kadi. Siku hizi ndani yake kuna na ya dondakoo, sindano ni ile ile moja.

Kwa hiyo rudi wiki ya nne. Si biashara.

Na hili la wanaume. Chanjo hii kwetu iliingia kupitia mlango wa kliniki ya wajawazito, kwa sababu ilikuwa inatafuta kumwokoa mtoto mchanga anayekatwa kitovu kwa wembe mchafu. Mama akichanjwa, kinga inampitia mtoto tumboni. Kazi hiyo imefanikiwa kweli, Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba pepopunda ya wachanga si tatizo la afya ya jamii tena. Lakini mwanaume mlango wake uko wapi? Hana. Anaingia kupitia kidonda.

Hata kwenye kampeni za tohara kwa wanaume ndivyo ilivyogundulika. Walitokea watu wazima waliopata pepopunda baada ya kutahiriwa, hasa kwa kile kifaa cha kubana kwa mpira, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba anayetumia kifaa hicho achanjwe kwanza. Fikiria, mpaka wanaume wakatahiriwe ndipo mtu akakumbuka kuwauliza.

Fundi Kibuyu

Sista umenitisha. Hiyo ya paka kupita nimeisoma mara mbili. Leo ni siku ya nne tangu nikanyage, nimeanza kujipima taya kila saa.

Sista Zamu

Acha kujipima taya, utajitia ugonjwa wa taya. Kidonda kimesafishwa, umechomwa. Ukiona taya zinagoma kufunguka au shingo inakakamaa, nenda hospitali hiyo hiyo saa. Kuna na sindano nyingine inayotoa kinga ya papo hapo, kwa kidonda kibaya cha mtu asiyewahi kuchanjwa. Hiyo daktari ndiye anayeamua baada ya kukiona kidonda.

Mzee wa Jiwe

Nasoma nacheka. Babu yangu alifariki na miaka 90, hajawahi kuona sindano. Alilima peku maisha yake yote. Hizi chanjo za watu wazima zimeanza juzi na korona, kila mtu anajua ilivyokuwa.

Kijiti

Mkuu, babu yako alizaliwa na wangapi tumbo moja?

Mzee wa Jiwe

Tisa. Walibaki watatu.

Kijiti

Sawa.

Wa Eldoret

Niruhusuni jirani yenu niongee. Hapa Kenya hii maneno ya pepopunda tuliichapana nayo sana. Mwaka 2014 kulikuwa na kampeni ya kudunga akina mama wa miaka 14 hadi 49, na maaskofu wa Katoliki wakatoka wakasema ile dawa imetiwa homoni ya kuwafanya wasizae. Serikali ikakana, Shirika la Afya Duniani na UNICEF pia wakakana. Wah, nyumbani kwetu kulikuwa moto. Mamangu mkwe ni mtu wa kanisa, alimkataza mke wangu kabisa.

Mke wangu alienda kisirisiri. Alidungwa zote. Tangu siku hiyo tumepata watoto wawili na wa tatu ako njiani, na yule mama mkwe ndiye anashinda akiwabeba. Sijawahi kumkumbusha. Siku moja nitamkumbusha.

Halafu Fundi, hiyo yako ya kovu imenichekesha juu sisi yetu haiko begani. Mkenya wa kawaida ana kovu la kifua kikuu mkono wa kushoto, hapa chini ya kiwiko. Ukiwa Namanga unaweza kujua mtu ni wa upande gani kabla ya kuomba kitambulisho.

Sista Zamu

Eldoret, hilo la kovu ni kweli kabisa. Na Kenya nao walithibitishwa baadaye kwa hiyo pepopunda ya wachanga. Kipimo chenyewe ni kwamba katika kila wilaya, pasiwe na hata mgonjwa mmoja mchanga kwa kila watoto hai 1,000 wanaozaliwa. Haiwezi kufutika kabisa kama ndui, kwa sababu vijidudu viko kwenye udongo. Ndui ilikuwa inategemea mtu mmoja kumpa mwenzake. Udongo hautegemei mtu.

Mchangia Damu

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo ngoja niandike.

Pepopunda mmeimaliza. Mimi nataka kuongelea homa ya ini, ile ya B.

Nilienda kuchangia damu kwa ajili ya mjomba aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Baadaye nikapigiwa simu, naombwa nifike, hawawezi kunieleza kwenye simu. Nikajua ni ukimwi tu. Ndani ya daladala nikagawa mali kichwani: kiwanja kwa mkubwa, pikipiki kwa mdogo. Kufika, daktari ananiambia homa ya ini B. Damu yote inayochangwa hupimwa, na hiyo B ni mojawapo. Mimi sikuwa naumwa chochote. Nilikuwa nacheza mpira kila Jumamosi.

Alinieleza kitu kilichonibadilisha. Mtu akiambukizwa akiwa mtu mzima, kwa kawaida mwili unavifukuza virusi. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya 100. Lakini mtoto mchanga akivipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, 90 kati ya 100 wanabaki navyo maisha yote. Mimi nimezaliwa 1983, na Tanzania chanjo hiyo iliingizwa kwa watoto mwaka 2002. Maana yake wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa. Niseme ukweli, wengi humu ni wa kundi hilo.

Kaka yangu mkubwa alifariki, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Nyumbani tulisema karogwa na jirani wa shamba. Tuligombana na ile familia miaka kumi na moja. Siku nilipotoka kwa daktari nilikaa kwenye benchi la hospitali muda mrefu nikimfikiria yule jirani.

Mke wangu alipimwa, hana. Akachanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Alichelewa ya tatu, tukaambiwa aendelee tu, haanzi upya. Tulilipa wenyewe, na dozi moja ilikuwa kama bei ya kilo mbili za nyama. Watoto walishachanjwa uchanga wao. Mimi nafuatiliwa ini langu kila baada ya muda, niko sawa.

Mambo mawili. Pima kwanza kabla hujachanja. Kama unavyo tayari, chanjo haikudhuru lakini haikusaidii kitu, na utaondoka ukiamini umekingwa. La pili, haiambukizi kwa sahani. Kuna shemeji yangu alininunulia kikombe changu peke yangu, chenye maua. Ni damu, kujamiiana, mama kwa mtoto, nyembe na miswaki ya kuchangia. Virusi hivi hubaki hai nje ya mwili siku saba na zaidi, kwa hiyo mashine ya kinyozi iliyomkwaruza wa jana si kitu cha kupuuza. Kikombe hakihusiki.

Mama Wawili

Mchangia Damu, pole na asante. Nimeituma kwa kaka zangu wote.

Na shemeji wa kikombe cha maua tunaye kila ukoo.

Tela Mbili

Mimi ni dereva, njia ya Kongo, Tunduma mpaka Kolwezi. Nina ungamo.

Kongo huingii bila kadi ya homa ya manjano, hilo kila dereva analijua. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nimechelewa, mzigo umeshapakiwa. Jamaa mmoja mpakani akaniambia toa hela nikupe kadi, sindano ya nini bwana. Nikatoa. Kadi ikaja na muhuri, sahihi, namba ya dawa, kila kitu. Nimetembea na hiyo kadi miaka sita.

2016 homa ya manjano ilipolipuka Angola na kuvuka mpaka Kongo, niko kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Mle foleni unaweza kulala siku nne. Madereva wenzangu wanaongea habari za Luanda na Kinshasa, kila mtu anashika kadi yake kifuani. Mimi nashika karatasi. Mbu wananiuma, nahesabu. Mwaka huo huo watu wawili waliotoka Angola walifika nayo mpaka Nairobi.

Nilivyorudi Dar nilienda kuchomwa ya kweli. Nesi akaandika kadi nyingine mpya na nikamwambia ile ya kwanza ilipotea. Nimeichoma moto mwenyewe kwenye jiko la mkaa.

Habari njema ni kwamba hii ni mara moja tu. Zamani ilikuwa unarudia kila miaka kumi, ila tangu Julai 2016 kadi inatambulika maisha yako yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa tarehe ya kuisha. Inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Kwa hiyo madereva wapya, msisubiri mpaka tela limefungwa turubai.

Sista Zamu

Tela, umefanya vizuri kusema. Niongeze tu kwamba hii ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, si ya kila mtu. Mwenye kinga iliyoshuka sana, mwenye mzio mkali wa mayai, au aliyefikisha miaka 60 na anachanjwa kwa mara ya kwanza, aongee na daktari kabla.

Binti Makadara

Salaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa. Mamangu alikwenda Hija mwaka uliopita, na kwa wale wazee wenu wanaotaka kwenda nataka niwaambie yaliyotupata.

Saudia hawakupi ruhusa ya Hija wala Umra bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne: A, C, W na Y. Si jambo jipya, 1987 ulizuka ugonjwa kwa mahujaji, na 2000 ukazuka tena kwa aina ya W, watu wakaurudisha makwao. Sharti ni uwe umechanjwa siku zisizopungua kumi kabla ya kufika. Ilivyo hasa, kuna dozi ya kizamani inayokubalika miaka mitatu na ya sasa inayokubalika miaka mitano, kwa hiyo uliza umechomwa ipi na iandikwe.

Kikundi alichosafiri nacho (sikitaji) kiliwaambia mambo yote yako tayari. Siku kumi na mbili kabla ya ndege ndio twaambiwa chanjo bado. Mamangu ana miaka 71, ana sukari, goti halikunjiki. Tulizunguka naye mji mzima kwenye tuktuk, dawa hapa imekwisha, pale wamefunga. Tukaipata siku inayofuata, saa kumi alasiri. Usiku ule mimi na ndugu zangu tulikaa barazani twahesabu siku kwa vidole, mmoja asema siku ya sindano yahesabiwa, mwengine asema haihesabiwi. Tulikuwa na siku moja tu ya akiba. Mamangu mwenyewe alikuwa ndani amelala fofofo.

Alifika, akahiji, akarudi na tende na maji ya Zamzam. Kadi imo ndani ya msahafu wake.

Mbongo Ohio

Kwa wanaofikiria kuja huku Marekani: hilo swali alilokosa Fundi ndilo utaulizwa siku ya kupima afya ya kadi ya kijani. Ushahidi wa pepopunda, surua, tetekuwanga, homa ya ini B, na kama ni msimu wa mafua na hiyo pia. Mimi sikuwa na karatasi hata moja. Daktari akanipa njia mbili: nipimwe damu kuona kama kinga ninayo, au nichomwe upya. Nikaogopa, nikauliza kama utotoni nilishapata halafu nirudie haitanidhuru? Akasema kurudia hakuna madhara ya maana, mkono utauma tu. Uliuma mikono yote miwili. Nilishindwa kuvua koti.

Kilichonichekesha ni mzee wangu alipokuja. Surua akasamehewa, kwa sababu kazaliwa 1955, na wao wanahesabu waliozaliwa kabla ya 1957 kuwa waliipata surua yenyewe. Mzee akajivuna wiki nzima.

Sasa hivi kila karatasi napiga picha, najitumia mwenyewe kwenye barua pepe.

Mzee wa Jiwe

Haya. Na aliyeng'atwa na mbwa? Kijana wangu kang'atwa jana na mbwa wa mtaani, kwenye shavu la mguu. Mama yake kampaka vitunguu.

Sista Zamu

Mzee, funga simu umpeleke leo. Osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kwa saa, halafu kituo kikubwa cha afya kinachotoa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo ndiyo chanjo inayokubali kutolewa baada ya kung'atwa, lakini haingoji. Dalili zikianza, hakuna tiba. Atapangiwa tarehe kadhaa, asiruke hata moja. Nijibu ukifika.

Mzee wa Jiwe

Tumefika. Kachomwa ya kwanza. Na ya pepopunda kachomwa hapo hapo.

Nesi kaniuliza na mimi ya mwisho nilichoma lini.

Kijiti

Ukajibu nini mkuu?

Mzee wa Jiwe

Achana na mimi.

Msomaji wa Pembeni

Mmetaja ndui hapo juu nikakumbuka kitu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, Msomali wa Merka, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi hospitalini. Kazi hiyo ilimtaka awe amechanjwa, ila alikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Siku moja akapanda gari kuwaelekeza njia waliokuwa wamebeba wagonjwa wa ndui. Safari fupi tu ya mjini. Ikamtosha.

Alipona, na uzeeni akawa mtu wa kampeni za polio, anapita nyumba kwa nyumba akiwasimulia wazazi habari yake. Alifariki 2013, katikati ya kazi hiyo, kwa malaria.

Fundi Kibuyu

MREJESHO.

Wakuu, sikuwa nimepotea. Wiki ya nne nilirudi, tena sikwenda peke yangu. Nilibeba vijana wangu watano. Niliwaambia asiyekwenda hapati posho ya siku hiyo, nesi akaniambia hiyo si njia nzuri ya kuhamasisha, nikamwambia mimi ni fundi si mhamasishaji. Wanne walichomwa. Wa tano, kijana wa zege, mabega kama mlango, anainua mfuko wa simenti kwa mkono mmoja, aliomba kwenda chooni. Tulimkuta saiti.

Homa ya ini nimepima pia, sina, nimeanza dozi. Mchangia Damu, hiyo ni kazi yako.

Sasa tatizo. Dozi ya tatu ya pepopunda ni baada ya miezi sita, na mimi na karatasi mnanijua. Nikaiandika tarehe kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo ya saiti, kubwa, kila mtu anaiona. Jana nimefika, ukuta mweupe. Fundi wa plasta kaipiga plasta. Namuuliza, anasema alidhani ni vipimo vya umeme.

Sista Zamu

Rudi zahanati, taja jina. Uko kwenye rejista.

Fundi Kibuyu

Nimeenda leo. Yule mama kafungua daftari lake, kidole kikashuka taratibu mpaka kwenye jina langu. Akaniangalia juu ya miwani. "Ulitakiwa juzi."

Nimeshachoma. Na safari hii nilikwenda na buti.

Kijiti

Picha ya buti mkuu. Bila picha hiyo ni chai.